Baba Mdogo wa Kofia Nyeusi

Jumatatu, 7 Septemba 1981

Balaa! Asubuhi nimepita mbele ya sinema nikielekea kazini, nikakuta bango jipya. Kofia Nyeusi amerudi! Wala si sehemu ya sita tuliyokuwa tunaingojea. Wameanza upya kabisa, hadithi ileile ya kwanza, na mchezaji mwingine. Kijana mwembamba, hana masharubu! Kofia imemmeza hadi masikioni.

Jioni barazani kwa Mzee Nasor, muuza kahawa, watu wamechafuka. Awadhi fundi cherehani kasema Kofia Nyeusi bila masharubu ni muuza karanga tu. Mwingine kaapa hatatia mguu pale. Mimi nimelaani kuliko wote, mpaka kahawa ikanipalia. Nina sababu zangu.

Miaka kumi na moja sasa, msimuliaji wa filamu barazani ni mimi, Filbert, karani wa ghala. Kiti chenye egemeo ni changu. Kahawa bure, kashata mbili. Yote haya ni kwa ajili ya mwisho wa ile filamu ya kwanza: Kofia Nyeusi anamwelekezea adui bastola, adui anavua kitambaa usoni, kumbe ni baba yake mdogo! Wanakumbatiana, wanalia. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Nassibu, aliposikia alilia pia. Kesho yake akaenda kumchukua mdogo wake Abdulla, aliyenuniana naye miaka tisa, akampa chumba. Abdulla yumo mpaka leo. Anakula vizuri.

Sasa wewe daftari huna mdomo, nakwambia. Mwisho ule sikuuona. Siku ile nilikula pweza wa Magogoni, na mkanda wa mwisho ulinikuta chooni. Baba mdogo nimemtunga mwenyewe. Filamu ilikaa siku mbili tu ikaondolewa, na hata wale wachache walioiona wamenisikiliza mpaka siku hizi wanaapa walimwona baba mdogo kwa macho yao.

Filamu hii mpya ikionekana, nimekwisha.

Jumanne, 8 Septemba

Nimeandika barua ya kuipinga, kurasa mbili. Nimetaja utamaduni, heshima ya wazee na masharubu. Sahihi thelathini na moja, na madole gumba manane! Bibi mmoja ametia dole akidhani ni orodha ya khanga. Sikumsahihisha. Kesho napeleka kwa balozi.

Jumatano, 9 Septemba

Mzee Nassibu ameisoma barua mara mbili, miwani puani. Akanisifu kwa mwandiko. Halafu akasema wananchi hawawezi kupinga kitu wasichokiona, kwa hiyo Jumapili nyumba zote kumi zitakwenda kuiona kwa pamoja, ndipo tupinge kwa kauli moja.

Kwa pamoja! Yallah! Ameshaandika na orodha. Jina langu ndilo la kwanza, nitakaa katikati nieleze. Awadhi kaomba akae ubavuni mwangu. Ana jambo, yule. Kiti changu anakitaka tangu kilipotiwa egemeo.

Ijumaa, 11 Septemba

Mke wangu Sofia anacheka tu. Ni yeye peke yake anayejua, maana suruali ya siku ile aliifua yeye. Ananiambia niwaambie watu ukweli, watacheka siku mbili watasahau. Wanawake! Yeye kahawa ya bure hajawahi kuinywa.

Nimepata njia. Filamu ni nakala moja, sinema zinazoionyesha ni mbili. Mkanda ukiisha kule kwa wenzetu, Eliasi, tarishi wa sinema, anaupakia kwenye baiskeli anatuletea. Eliasi ana watoto saba na nyumbani kwake hakuna sukari tangu mwezi wa saba. Nimemnong'oneza kwamba sukari imeteremka bandarini, na duka la ushirika la Mchafukoge litaigawa Jumapili saa kumi, kimya kimya. Nimemwapiza asimwambie mtu. Ataingia foleni na mkanda wa mwisho mgongoni!

Jumapili, 13 Septemba



Tulijaa safu tatu. Kijana yule, nikubali, anapanda farasi vizuri. Watu wakaguna mwanzo mpaka mwisho: farasi si yule, wimbo si ule, mapigo hayana uzito. Wengine waliguna huku wamekaa kwenye ncha ya kiti.

Saa kumi na nusu, taa zikawaka. Mkanda wa mwisho haujafika! Eliasi, Mungu akubariki! Miluzi, viti vinapigwa. Mzee Nassibu akasimama akasema hakuna haja ya fujo, Ndugu Filbert yupo, amalizie. Nikapanda jukwaani. Sijawahi kusimulia vile! Nikamlia baba mdogo machozi ya kweli. Mama mmoja anapenga kamasi. Abdulla kashika mkono wa kaka yake.

Nilikuwa nainama kupokea makofi alipoingia Eliasi, jasho linamtiririka, mkanda kichwani. Kumbe alimwambia mkewe, mkewe akaambia mtaa, foleni ikazunguka duka mara mbili, na duka limefungwa kwa kufuli. Sofia naye alikuwemo, na kikapu! Eliasi akachoka kungoja.

Nikarudi kitini, taa zikazimwa. Adui akavua kitambaa. Mtu tu! Mzungu mwenye kovu, hakuna anayemjua. Kofia Nyeusi akampiga risasi tatu, akambeba msichana, akaondoka.

Nikafumba macho. Awadhi akapumua kwa nguvu sikioni mwangu. Ndipo Mzee Nassibu akasimama, akanyoosha fimbo kwenye pazia, akauliza baba mdogo yuko wapi. Ukumbi ukalipuka. Wameharibu filamu! Wamemla baba mdogo! Wale walioiona zamani ndio waliopiga kelele zaidi. Baba mdogo! Baba mdogo! Mimi nikabebwa juu juu hadi mlangoni. Raha niliyoisikia, siwezi kuandika.

Halafu meneja akatoka mbio na kipaza sauti. Kuna nakala ya zamani stoo, akasema. Jumamosi ataionyesha ile yenyewe, wananchi wamwone baba mdogo wao.

Wakanishusha taratibu. Mzee Nassibu akaniambia, kwa upole, kwamba kama Jumamosi baba mdogo hatoonekana, basi Abdulla atahamia kwa aliyemleta.

Jumapili, 20 Septemba

Hakuonekana. Zamani pia alikuwa mtu tu, na kovu lilelile, na risasi tatu. Nilisema amekatwa na wakaguzi wa filamu. Watu wakainuka wakaenda zao. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Kiti chenye egemeo amekikalia Awadhi. Yeye anasimulia alichokiona, neno kwa neno, na watu wanapiga miayo. Mzee Nasor kanidai thumuni ya kahawa mbele za watu.

Abdulla ameingia jana jioni na godoro, redio na birika. Sebule yote ni yake. Sofia kanipa taarifa kwamba mashuka ya mgeni nitayafua mimi mwenyewe.

Leo baada ya chakula Abdulla alikuwa mnyonge, anatazama ukuta. Nikamhurumia, kwa kweli. Akaniuliza kama nimewahi kuiona ile filamu ya mtawa wa Kichina, maana anasikia mwisho wake ni wa ajabu.

Hata bango lake sijaliona, lakini nimemwambia nimeiona mara mbili. Akanimiminia chai, nami nikavuta kiti nikaanza.