Kompyuta Moja, Zamu Nne

Mwanangu Mpendwa,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi minne. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa kwenye foleni.

Uliuliza kama kompyuta uliyotuletea inatutosha, au ununue nyingine. Haitutoshi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ratiba ya zamu niliiandika mwenyewe, nikaibandika ukutani, wakubwa kwa umri wakitangulia. Shangazi yako akaleta cheti cha kuzaliwa: amenizidi miaka miwili. Anaandika katiba ya chama chake cha akina mama. Tangu Januari amekwama kwenye kifungu cha kwanza, kwa kuwa kinamfukuza katibu, na katibu amekata rufaa.

2. Mke wa mdogo wako, kwa ajili ya biashara yake ya ushonaji, ameweka picha ya bibi harusi kwenye kioo cha kompyuta. Niliandikia ofisi ya maji barua kali kuhusu bomba lililopasuka, huku bibi harusi akinitabasamia. Barua ilikwenda ikiwa na shukrani.

3. Nikiandika, shangazi yako husimama nyuma yangu na kusoma kwa sauti. "Hapo umetia chumvi, mwalimu!"

4. Kama nilivyofanya shuleni, niliagiza kila amalizaye zamu aache maandishi ya makabidhiano: mashine ikoje, ina hitilafu gani. Mama yako, ambaye zamu yake hutangulia yangu, ameivuruga kanuni hii. Unajua hatusemezani tangu alipoifanya mashine yangu ya taipu kuwa kizuizi cha mlango wa banda la kuku. Basi huandika: "Mashine ni nzima. Chai imo kwenye chupa. Goti linaendeleaje?" Goti langu si sehemu ya kompyuta. Nimekuwa nikimjibu kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Kwa hiyo naomba kompyuta nne. Zikiwa nne, kila moja iwe na chumba chake. Kuta zetu ni nyembamba, sauti ya shangazi yako inazipenya; zibomolewe, zijengwe upya. Wageni waje na kompyuta zao. Mlango wangu uwe na kufuli, na ufunguo niwe nao mimi peke yangu.

Wasalimie mkeo, wajukuu zangu wote, na yule jirani yako aliyenishika mkono kwenye ngazi.

Ni mimi baba yako,
Mwalimu Mkuu Mstaafu

Tanbihi: Nilipoinuka kwenda kunywa maji, shangazi yako aliisoma barua hii yote kwa sauti, mama yako akaisikia akiwa bandani. Niliporudi nilikuta ameandika kwenye ukurasa wa makabidhiano, ingawa haikuwa zamu yake, kinyume cha ratiba: "Zikija nne, yangu msilete. Nitamwandikia nani?"

Sikumpa onyo. Nimemjibu kwamba goti limepata nafuu, nikamwuliza anaonaje kuhusu jambo hili. Usinunue chochote kwa sasa. Zamu yake ni kesho. Uamuzi ukipatikana, nitakuandikia foleni itakaponifikia.