Nyumba Yangu Ni Ofisi ya Kampuni

Jumatatu, 3 Machi

Benki imepiga simu tena. Mkopo wa nyumba, miezi miwili nyuma. Ikifika mitatu, nyumba inakwenda kwa dalali. Nyumba yangu ya hapa Migori, yenye vigae nilivyochagua mwenyewe! Mfukoni sina kitu. Lakini kampuni ina pesa! Vyoo vya shule tulivyojenga kule Rusinga vimelipwa, pesa zimelala kwenye akaunti ya Javmil Contractors Limited, ambayo mkurugenzi wake ni mimi. Nikakimbia hadi Homa Bay kwa Fardowsa, mhasibu wetu. Akanikata maini: pesa za kampuni si zangu, nikizichukua ni deni juu yangu, na watu wa ushuru watanitafuta. Tena lazima Milka, mke wangu na mkurugenzi mwenzangu, atie sahihi. Yaani niombe ruhusa kama mtoto anayetaka kwenda msalani!

Jumatano, 5 Machi

Nina akili mimi! Kampuni haina ofisi. Mimi nina nyumba. Basi kampuni ipange kwangu, kodi iende benki moja kwa moja! Fardowsa amesema kwa simu kwamba inawezekana, mradi mkataba uwe wa kweli na nilipe ushuru wa hiyo kodi. Sebule peke yake haikutosha kulipa benki. Nikapangisha nyumba nzima! Sisi tutaishi humo kama walinzi. Milka alisoma kila ukurasa mara mbili, akauliza kama basi nyumba si yangu tena. Nikapiga kifua: si yangu, ni ya kampuni, mimi hapa ni mfanyakazi tu. Akatia sahihi huku anatabasamu.

Ijumaa, 7 Machi

Kodi ya mwaka mzima imelipwa, benki imenyamaza. Nimepigilia kibao cha kampuni getini. Jirani Monari, mkandarasi wa mitaro asiye na hata kibao, akauliza kama wateja watapokelewa chumbani. Wivu! Nimekula kichwa cha samaki mbuta peke yangu.

Jumapili, 9 Machi

Balaa! Mama mkwe amefika kutoka Kendu Bay na mifuko miwili na kuku. Anahudhuria kliniki ya magoti hapa Migori. Kwetu Wajaluo, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Siku zote hulala kwa dada yake Uriri, na hakuna anayeisifu mila hiyo kunishinda. Nikamwambia Milka kwamba huko Uriri mama anangojwa. Akanijibu tukiwa hapo hapo getini, "Baba Sheila, hapa si kwa mkwe. Hapa ni kwa kampuni." Ameshawapigia simu wazee wa Kendu Bay. Wamekubali: mila haisemi lolote kuhusu kampuni. Ila mkwe na mama mkwe hawawezi kugongana koridoni, mmoja taulo kiunoni. Lazima mmoja atoke. Nimetoka.

Jumanne, 11 Machi

Nalala stoo, kati ya mifuko ya simiti. Simiti puani, simiti sikioni. Leo nilifuata shati. Nikakohoa getini kama mgeni, Milka akalipitisha dirishani. Kiti changu amekikalia mama! Nikaandika barua kama mkurugenzi: wageni marufuku ofisini. Milka, kama mkurugenzi, akakataa. Nikampigia Fardowsa. Akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akanieleza: hisa zetu ni nusu kwa nusu, hakuna anayemshinda mwenzake. Nikivunja mkataba, kodi niliyopokea nirudishe, na dalali atakuja. Namkosa sana mke wangu. Navikosa hata vigae.

Alhamisi, 13 Machi

Kliniki ya mama ni ya miezi sita! Milka amependekeza kampuni imlipe mama mshahara, kwa kuwa sasa ndiye anayelinda ofisi. Sikumsikiliza vizuri, maana papo hapo nilipata wazo. Gari langu nalo lina mkopo! Na kampuni haina gari! Mkataba nimeuandika leo leo: kampuni inalikodi, mkopo unajilipa wenyewe. Safari hii hakuna tundu hata moja. Milka alitia sahihi kabla sijamaliza kueleza, akachukua na funguo. Kesho asubuhi naupeleka mkataba Homa Bay, Fardowsa aone mtu mwenye akili anavyofanya kazi. Nitapanda matatu. Gari lina shughuli ya kampuni, linampeleka mama kliniki.