Bolti Mia Moja Ishirini na Nane

Ijumaa asubuhi Mizani alifika kijiweni na gazeti limekunjwa ukurasa wa sita. Mizani hajawahi kukunja gazeti bila nia mbaya, kwa hiyo tulimpisha kwenye benchi. Amestaafu kazi ya kupima uzito wa malori, na mpaka leo humtazama mtu kama anayekisia tani zake.

Tangazo lilikuwa fupi. Kuanzia siku hiyo, gari lenye rimu za bidiloki halitapewa cheti cha ukaguzi. Alilisoma mara mbili, na mara ya pili alisoma polepole, uso ameuelekeza kwa Nyikani.

Dada Chupa, anayetuuzia kahawa, aliuliza bidiloki ni mdudu gani. Aliyemjibu ni Fundi Upepo, mwenye karakana ya matairi ambayo ukuta wake ndio unaotupa kivuli. Kwenye rimu ya kawaida, alisema, upepo ndio unaobana ukingo wa tairi mahali pake. Ukiupunguza sana ili gari lipite kwenye mchanga, tairi linaweza kuchomoka. Bidiloki inaubana ukingo huo kwa ringi ya chuma na bolti nyingi, hata upepo ukibaki kidogo tairi halitoki. Kwenye mchanga na mawe ni kitu cha maana. Kwenye lami ni mzigo, maana bolti zinalegea, na lazima zikazwe kwa kipimo kila mara.

"Na mwenye gari akisahau?" aliuliza Dada Chupa.

"Ringi inaweza kutoka gari likiwa kwenye mwendo," alisema Upepo. "Ikitoka haichagui wa kumpiga."

Sote tukaitazama pikapu ya Nyikani, iliyoegeshwa hatua kumi kutoka kwenye benchi. Jina hilo tulimpa sisi, kwa kuwa nyika hajawahi kuiona. Nje ya barabara ametoka mara moja tu, alipomkwepa mwendesha baiskeli akaishia kwenye maua ya zahanati, na hilo hulisimulia kama safari. Rimu zake zilikuwa na miezi minne. Kila moja ilikuwa na ringi nyekundu yenye bolti thelathini na mbili. Kila Jumapili alitandika mkeka uani kwake, nyuma ya karakana, akapiga magoti na kuzikaza zote kwa spana ya kipimo. Alikwenda kwa mpangilio wa nyota, bolti moja kisha ya upande wa pili, na kila iliyofikia kipimo spana ililia tik naye akaitia alama ya chaki. Mke wake na watoto walisubiri wakiwa wameshavaa.

Siku hiyo, saa nane mchana, alikuwa na ukaguzi. Jumatatu pikapu ilitakiwa kwa wapima ardhi waliokuwa wanakwenda ng'ambo ya mto, kazi ya mwaka mzima, na walichotaka kwake ni cheti tu. Kazi hiyo alikuwa ameifukuzia tangu mwaka uliopita. Mke wake alikwisha kuwaambia majirani.

"Rudisha rimu za zamani," alisema Mizani.

"Nilimpa shemeji. Yuko safarini nazo."

"Basi mpigie simu arudi kwa miguu."

Nyikani hakucheka. Alisema sheria hiyo imeandikwa na watu wanaoendesha viti. Yeye bidiloki zake anazikagua kila wiki. Wao hata miwani yao hawaifuti. Mizani akamuuliza anajaza upepo kiasi gani.

"Thelathini na tano mjini. Kumi na mbili nikienda porini."

"Porini wapi?"

Nyikani aliomba kahawa.

"Kwenye maua," alisema Dada Chupa.

Wakati huo Upepo alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akipapasa nyuma ya ringi kwa kidole. Aliuliza rimu zilinunuliwa wapi. Nyikani alisema kwa muuzaji wa kwenye simu, mtu makini sana, aliyeweka picha ya pikapu imepanda juu ya jiwe. Upepo aliomba afungue ringi.

"Usiguse bolti tairi likiwa na upepo," alisema Nyikani. "Linaua."

Ulikuwa ukweli wake wa kwanza asubuhi ile, na Upepo aliuheshimu. Aliinua gari kwa jeki, akatoa upepo mpaka mlio ukakatika, ndipo akaanza kufungua. Bolti zilitoka moja moja, kila moja fupi kama pingili ya kidole kidogo. Ringi ikafuata. Nyuma yake palikuwa na ukingo wa rimu wenyewe, mzima, wa kipande kimoja, umelishika tairi kama rimu yoyote ya gari la kubebea mikate. Upepo akajaza tena mpaka thelathini na tano, ringi ikiwa chini. Tairi lilitulia. Dada Chupa aliiokota ringi, akaiweka mezani kwake, akatumbukiza birika katikati lisipinduke. Lilienea vizuri.

"Ni mapambo," alisema Upepo.

Mizani aliuliza taratibu, kama anayeandika ripoti: "Kwa hiyo miezi minne alikuwa anakaza nini?"

"Mapambo."

"Kwa kipimo?"

"Kwa kipimo sahihi kabisa. Nimeona alama za chaki. Hakuna iliyorukwa."

Nyikani alisema huenda tairi limeshazoea kukaa pale. Mizani akamjibu kwamba hata yeye benchi amelizoea, lakini akisukumwa anaanguka.

Ni Upepo aliyeona njia. Alijifuta mikono kwanza.

"Sheria inakataza bidiloki. Hizi si bidiloki. Kamweleze mkaguzi hivyo, cheti unakipata leo."

Ilipaswa kuwa habari njema. Nyikani alikaa chini kama aliyeletewa msiba. Mwezi uliopita, akiwa pale pale kwenye ukaguzi kumsindikiza shemeji yake, alimshika mkaguzi huyo huyo nusu saa nzima akimfundisha kutofautisha bidiloki halisi na za bandia. Alimwonyesha zake kama mfano wa halisi.

Akamwomba Upepo aende badala yake. Upepo alisema rimu zina mwenyewe. Akaomba basi aandikiwe barua, mkaguzi asome mwenyewe kimyakimya. Mizani alisema yule bwana hasomi kimyakimya.

"Mficha uchi hazai, ndugu yangu," alisema. "Na wapima ardhi hawasubiri. Hiyo ringi iache hapa. Gurudumu likionekana tupu, hutalazimika kusema mengi."

Saa saba na nusu Nyikani aliondoka na ringi tatu. Saa kumi alirudi na cheti. Alikishika kifuani, kwa hiyo Mizani alikiomba. Kilikuwa cheti halali, na kwenye nafasi ya maoni mkaguzi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: RIMU ZA KAWAIDA. BOLTI NI UREMBO. MMILIKI AMEKIRI.

Mizani alisoma mara mbili. Upepo alimwonya Nyikani kwamba, akiwa na wapima ardhi, asije akateremsha upepo mpaka kumi na mbili kwa kuamini urembo. Nyikani alisema amesikia, akaenda kumwambia mke wake kwamba kazi imepatikana.

Jumapili asubuhi tulikuwa tumekaa, kahawa ya kwanza haijapoa, tuliposikia nyuma ya ukuta: tik. Kisha tena, tik, kwa mpangilio wa nyota. Mizani alifumba macho akahesabu mpaka mlio ulipokoma.

"Tisini na sita," alisema.

Hesabu ilikuwa sahihi. Ringi ya nne ilikuwa bado chini ya birika.