Siti ya Nyuma ni ya Shangazi

Pikipiki ilikuwa mpya hadi inatia aibu. Ilisimama ndani ya duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya ndoo za rangi na mabomba, nyekundu, siti bado imevaa nailoni, na minyororo miwili imezungushwa kwenye magurudumu utadhani imekamatwa kwa kesi ya mauaji. Mkurugenzi aliiona akiwa ng'ambo ya barabara, na moyo wake ukaruka kichura. Alisimama pale hadi muuza magazeti akamwomba asogee.

Tuambizane ukweli mapema ili tusije kulaumiana. Mkurugenzi hakuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Cheo alijipa mwenyewe, pamoja na suti ya kijivu na kalamu tatu mfukoni, moja kati yake ikiandika. Kazi yake, mwaka wa tisa huu, ilikuwa kuishiwa mafuta. Watu wengine huishiwa kwa bahati mbaya. Yeye aliishiwa kwa ratiba. Alikuwa na pikipiki kuukuu ambayo rangi yake hakuna aliyeikumbuka. Hatua mia kabla ya mlango alioukusudia, aliinama kama anayejikuna goti, akafunga koki ya mafuta, na pikipiki ikaendelea kwa yale matone yaliyobaki kwenye kabureta. Kisha ikakohoa, ikasita, ikazimika palepale alipotaka. Tanki lilikuwa nusu.

Mshirika wake alikuwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, mwanamke wa miwani, mkoba mweusi na heshima ya kufanya hata askari wa barabarani wamwamkie. Ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Tatizo lilikuwa moja: pikipiki ile haikuweza kubeba wawili. Kila kazi ilipokwisha, Mkurugenzi alirudi nyumbani amepanda, na Shangazi alirudi kwa miguu, viatu mkononi.

"Shikamoo, Shangazi. Nimeiona!" alisema akiingia mbio.

"Marahaba. Umeona nini?" Shangazi alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Pikipiki. Mpya. Mlima inaupanda kama inateremka."

"Ina siti ya nyuma?"

"Ndefu kama benchi la hospitali."

Shangazi aliitazama miguu yake ndani ya beseni, mguu mmoja baada ya mwingine. "Basi sikiliza, mwanangu. Tukiipata, siti ya nyuma ni yangu. Mambo ya kutembea nimestaafu leo."

"Ni yako, Shangazi. Nikikugeuka, nigeuke jiwe."

"Usigeuke jiwe. Nitaendeshwa na nani?"

Alikuwa akicheka, lakini alilimaanisha kila neno.

Kesho yake asubuhi, pikipiki kuukuu ilikata roho mbele ya duka lile. Mwenye duka aliitwa na mji mzima Kufuli, kwa sababu alifunga kila kitu. Ufagio ulikuwa na mnyororo. Bomba la uani lilikuwa na kufuli. Kalamu ya kaunta ilifungwa kwa waya mfupi hivi kwamba mteja aliandika akiwa ameinama kama anayesujudu. Nyuma ya kaunta kulikuwa na kijikabati cha wavu wa chuma, kimefungwa, na ndani yake chupa moja ya plastiki yenye kitu cha rangi ya chai. Mkurugenzi aliiona chupa hiyo na ikamchekesha. Hakuuliza ni ya nini, na hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

"Mzee wangu, shikamoo," alisema akijifuta jasho. "Nimeishiwa mafuta, na nina kikao. Naomba niiache hapa, niende kituoni na chupa."

"Marahaba. Iache. Lakini kivuli cha duka ni cha wateja," alisema Kufuli. "Nunua msumari."

Mkurugenzi alinunua msumari mmoja kwa sarafu yake ya pekee, akaondoka na chupa yake tupu, akapinda kona, akaketi nyuma ya ukuta kusoma gazeti la watu.

Haikupita robo saa, Shangazi akaingia dukani kuulizia bawaba. Alipogeuka kutoka, aliiona pikipiki kuukuu. Mkoba ukamdondoka. Aliizunguka mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na machozi yakamtoka ya kweli kabisa. Hayo machozi alikuwa akiyavuta kwa kufikiria ile njia ya kurudi nyumbani.

"Baba, hii ni ya nani?"

"Kwani ina nini?" aliuliza Kufuli.

"Mimi ni wakala. Kuna tajiri anakusanya pikipiki za zamani, na hii anaitafuta mwaka wa saba sasa. Zilitengenezwa chache, zikaisha. Atakayempa hii, atampa pikipiki tatu mpya, achague rangi mwenyewe. Mwenyewe yuko wapi?"

Kufuli hakusita hata kidogo. "Unaongea naye," alisema.

Shangazi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwahidi kurudi saa nane na wapakiaji, akaondoka taratibu kwa ile heshima yake yote.

Mkurugenzi aliporudi na chupa ya petroli, aliyoinyonya kwenye tanki lake mwenyewe tangu alfajiri na kuificha nyuma ya ule ukuta, alikuta kiti kimetolewa nje kwa ajili yake, na kimefutwa vumbi.

"Kijana wangu," alisema Kufuli kwa sauti ya baba mkwe. "Chombo kama hiki kinakutesa bure. Niuzie."

"Mzee, hii ni ya marehemu babu. Kanikabidhi kwa mkono wake."

"Babu angependa uteseke?"

"Hapana, lakini..."

"Tubadilishane. Chukua ile nyekundu."

Mkurugenzi alifunika uso kwa viganja. Mabega yalimtetemeka. Kufuli alidhani ni kilio, akampigapiga mgongoni na kumsogezea karatasi ya makubaliano, kwa kadiri waya wa kalamu ulivyoruhusu. Kabla ya kutia sahihi alitaka aisikie injini. Mkurugenzi akamimina chupa yake ndani ya tanki, akafungua koki kimyakimya, akapiga teke, na kile kikongwe kikanguruma kwa adabu. Wote wawili walitabasamu, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Sasa sikia tabia ya binadamu. Makubaliano yalikuwa Shangazi asubiri kwenye njia panda, apandishwe. Na alikuwepo, mkoba begani, viatu tayari vimeshavaliwa kwa ajili ya safari ya hadhi. Mkurugenzi alimwona kwa mbali. Lakini pikipiki ilikuwa nyepesi chini yake, ikiimba, upepo ukimpepea tai, nailoni ya siti ikitoa mlio mtamu kila alipojigeuza, na akilini kikamjia kitu kichafu: siti mpya namna hii, ikaliwe na mzee? Huko mbele ya mlima kuna mji mwingine ambao haujawahi kumwona akiishiwa mafuta. Angeanza maisha upya, peke yake, bila wa kumgawia.

Alipiga honi mara mbili, akapunga mkono, akapita.

Shangazi alibaki amenyoosha mguu mmoja, tayari kupanda.

Barabara ya mlimani ilipanda kwa kona sita. Kona ya kwanza Mkurugenzi aliimba. Ya pili aliiimbia pikipiki. Ya tatu pikipiki ilikohoa.

"Acha utani," aliiambia.

Ikakohoa tena, ikasita, ikazimika. Aliinama kwa mazoea kufungua koki, lakini ilikuwa wazi. Akaigeuzia riziva, yale mafuta ya akiba, hakuna kitu. Akafungua kifuniko cha tanki na kuchungulia ndani, akaliona jicho lake mwenyewe likimtazama kutoka kwenye bati kavu. Ndipo alipoikumbuka ile chupa kwenye kabati la wavu. Kila asubuhi akifika dukani, Kufuli alikamua tanki la pikipiki yake hadi jioni, akiacha tone la kuifikisha mlangoni tu, ili hata mwizi akiiba, asifike mbali.

Akailaza pikipiki ubavu, kama wafanyavyo waendeshaji wote duniani, matone yaliyojificha upande wa pili yahamie kwenye koki. Ilimpeleka hatua kumi na mbili. Pesa hakuwa nayo hata ya kununulia kiberiti, kwa kuwa kanuni ya kazi ilikuwa mwenye kuishiwa mafuta asikutwe na kitu, na pochi ilikaa kwa Shangazi.

Alisimama katikati ya barabara na kumpungia mikono mchuuzi wa mayai aliyepita na pikipiki yake.

"Kaka, nisaidie, nimeishiwa mafuta!"

Mchuuzi alipunguza mwendo. "Wewe! Mwezi jana si uliishiwa sokoni nikakupa lita nzima?"

"Leo ni kweli, kaka! Wallahi leo ni kweli!"

"Na sokoni ulilia hivyohivyo." Akaongeza mwendo.

Akapita fundi seremala, akapita mwalimu, akapita bodaboda mmoja aliyesimama kabisa, akazima injini, akacheka hadi akashuka chini, akapanda tena, akaenda zake. Mkurugenzi aliketi juu ya jiwe. Kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka sita alihisi upweke wa kweli, na jua lilikuwa kali.

Ndipo kona ikatoa mlio anaoujua. Pikipiki kuukuu ilikuwa ikipanda mlima polepole, na juu yake, ameketi wima kama yuko kwenye sherehe ya mahafali, alikuwa Shangazi.

"Shangazi! Nilikuwa nakwenda kujaribu breki, nigeuze nikufuate!"

"Naona zimefanya kazi," alisema Shangazi, akashuka.

Hakugomba. Hilo lingemtia wasiwasi mtu mwenye akili zake. Alieleza kwa upole kwamba alirudi kwa Kufuli, akamwambia tajiri anataka kwanza kujua kama injini inapanda mlima, akaacha mkoba kama dhamana. Kufuli alikubali kwa sharti kwamba popote atakaposimama aifunge kwa mnyororo na kufuli alilompa. Ufunguo alibaki nao Kufuli.

"Una mafuta humo, Shangazi? Tunyonye kidogo tu. Nina mpira wangu hapa."

"Humu?" Shangazi alilitazama tanki kwa huzuni. "Limebaki tone, mwanangu. Limenifikisha kwa dua. Shika hela hii, shika na chupa, teremka kituoni. Mimi na miguu yangu tutazilinda zote mbili."

Hapo tusimame kidogo, tuvue kofia. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka tisa alikula, alivaa na kulipa kodi ya nyumba kwa kuwaambia watu kwamba tanki halina kitu. Na siku aliyoambiwa yeye kwamba tanki halina kitu, hakulitikisa, hakuchungulia. Aliuacha mpira wake juu ya siti, akapokea chupa kwa mikono miwili na kusema asante, Shangazi, Mungu akuweke.

Safari ya kwenda na kurudi ilimla saa nzima. Viatu vya suti havikutengenezwa kwa mlima. Kisigino cha kushoto kilibaki kona ya kwanza. Alikuwa ameamua njiani, kwa moyo mkunjufu, kumsamehe Shangazi na kumpakia.

Pikipiki kuukuu ilikuwa imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya alama ya kona kali. Kifuniko cha tanki kilikuwa wazi, tanki limekauka, mpira wake wa kunyonyea umetundikwa kwenye usukani, bado ukinuka petroli. Nyekundu haikuwepo. Ile nailoni ya siti ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekewa jiwe juu, pamoja na kipande cha gazeti chenye mwandiko aliofundishiwa nao kusoma:

*Siti ya nyuma nimekuachia. Mimi nimeonelea nikae ya mbele.*

Mkurugenzi alisoma mara tatu. Alikasirika, kisha akaona haya, kisha, jambo la ajabu, akajikuta akijivunia kidogo. Alikuwa bado ameshika kile kikaratasi aliposikia mtu akihema. Kufuli alikuwa akipanda mlima mbio, mkoba mweusi kwapani, funguo sitini zikilia kiunoni.

"Kijana wangu! Umeniokolea pikipiki!" Alimkumbatia karibu amvunje. "Nilifungua mkoba nikakuta nusu tofali. Nikajua yule mama ni mwizi!"

"Mwizi kabisa," alisema Mkurugenzi kwa tahadhari.

"Na nikajua pikipiki hii ina thamani kuliko hata alivyosema. Mwizi mwenye akili kama ile angehangaika na takataka?" Alikuwa akifungua kufuli. "Na yako mpya iko wapi?"

"Amekwenda nayo, mzee."

"Loo, pole sana. Lakini hiyo tulishaandikiana." Macho yake yakashuka kwenye chupa. "Na hayo mafuta umeiletea hii?"

Mkurugenzi alifungua mdomo. Kufuli aliipokea chupa, akaimimina hadi tone la mwisho, akaitia chupa tupu mfukoni.

"Mzee, nipakie basi hadi chini."

"Nipakie mtu kwenye kitu cha thamani namna hii?" Kufuli alishtuka kweli. Alimkabidhi mkoba wenye nusu tofali, kwa fadhila, akapiga teke, akateremka na hazina yake akiwa ameishika breki njia nzima.

Mkurugenzi alijinyoosha suti, akaubeba mkoba begani, akavua viatu akavishika mkononi, na kuanza kuteremka. Sasa alijua lami inavyochoma nyayo. Alifikiri pengine angemkuta Shangazi nyumbani, ameketi mlangoni, beseni la maji ya chumvi likiwa tayari kwa ajili ya mwingine. Pengine.

Kwenye kona ya pili alisikia pikipiki ikija nyuma yake. Mkono uliinuka wenyewe kabla akili haijauuliza.

"Kaka!" alipaza sauti. "Nimeishiwa mafuta!"

Mwendeshaji alisimama. Alimtazama juu, alimtazama chini, suti, mkoba, miguu pekupeku. Akatazama upande huu wa barabara, akatazama na upande ule.

"Mafuta ya nini?"