Mlinzi wa Ghuba ya Papa Wadogo

Jumatatu, 12 Mei
Nimechoka na wiki ndiyo kwanza inaanza. Dokta Maigualida wa chuo kikuu kapiga simu: Jumamosi anakuja kuhesabu papa wetu wadogo ghubani. Mwaka juzi alikuta arobaini, mwaka jana tisa. Asipokuta hata mmoja, ghuba inafunguliwa kwa nyavu na mimi kazi sina. Miaka mitatu nalinda! Huyu mwizi anayewamaliza ni nani? Asubuhi nilichukua mmoja tu, wa kujaza empanada, zile sambusa za mke wangu Ruperta. Huo si wizi. Ni posho ya mlinzi.

Jumanne, 13 Mei
Shemeji Asdrúbal, kaka yake Ruperta, kapitisha mashua polepole makusudi, akauliza kama nalinda maji yasikauke. Watu wakacheka. Nikamwambia mwizi ni yeye. Akajibu kikulacho ki nguoni mwako, akaenda zake. Mtu mzima ovyo! Nimechukua mmoja. Mwembamba.

Jumatano, 14 Mei
Nimekwenda kanisani kwa Bikira Maria wa Valle, mama wa wavuvi wote hapa kisiwani Margarita. Nimeweka nadhiri: akijaza ghuba, sigusi nyama ya papa mwaka mzima. Kurudi nyumbani, Ruperta anakaanga empanada. Harufu hiyo! Nikala nne. Nadhiri inaanza akishajaza, siyo kabla.

Alhamisi, 15 Mei
Bikira hana haraka, mimi ninayo. Nimemeza aibu, nikamwomba Asdrúbal papa watatu hai niwatie ghubani. Akataka kwanza nimwite nahodha mbele ya watu. Nikamwita. Mara mbili! Papa nimewaweka kwenye tangi la nyumbani hadi Jumamosi, wapumzike.

Ijumaa, 16 Mei
Wamekufa wote. Ruperta kasema papa wa baharini haishi kwenye maji ya kunywa, hata mtoto wa chekechea anajua. Tangi linanuka, na bomba hutoa maji kila baada ya wiki tatu. Ametukana hadi babu zangu. Papa tumewala.

Jumamosi, 17 Mei
Dokta kaja. Saa tatu nzima wavu mtupu. Kisha, jike moja! Dokta akampitishia kifaa chake tumboni: watoto watano, wa kuzaliwa wiki hii. Akasema jike hubeba mimba karibu mwaka mzima kupata hao wachache, na huyu ndiye tumaini lote la ghuba. Tukamrudisha majini taratibu. Dokta alilia. Nami nililia, sioni haya kuandika. Kazi imepona! Kesho anarudi kumpiga picha. Nimemwalika kifungua kinywa.

Jumapili, 18 Mei
Mgeni hakaribishwi kwa mikono mitupu. Alfajiri nikaingia ghubani. Nikapata upesi, tena mnene. Ruperta akapasua tumbo, akaweka kisu chini. Watano. Akavua aproni, akaenda kwa kaka yake na nguo zake. Empanada nimekaanga mwenyewe, zimeungua kidogo. Dokta hajagusa hata moja. Yuko ufukweni tangu asubuhi na kamera yake, anamsubiri jike. Nimeandikia chuo kikuu barua, naomba darubini na mlinzi wa pili. Mwizi wa hapa hana huruma kabisa.