Pasi ya Umeme na Kitambaa cha Altare

Jumatatu, 6 Agosti 1973
Baridi kali. Kahawa inamenywa mtoni, mikono yangu utelezi mtupu. Lakini moyo umetulia. Kifurushi cha mwanangu Egidi kimefika kutoka Dar es Salaam. Pasi ya umeme! Kumbe nilizaa mtu.

Imekuja wakati wake. Jumapili Askofu anakuja kuwapa watoto Kipaimara. Kitambaa cha altare nakinyoosha mimi, tangu kanisa likiwa la nyasi. Pasaka iliyopita cheche ya mkaa ikaruka, ikatoboa tundu. Dogo! Kama punje ya ulezi. Jirani yangu Kunigunda akalionyesha kwa kidole kwa kila mtu, akamwambia Padre eti macho ya Bibi Albina yamechoka. Padre kaamua tushindane Jumamosi. Atakayeshinda, kazi ni yake. Kunigunda ana pasi ya mkaa. Maskini.

Jumanne, 7 Agosti
Nimejaribu pasi sakristia, chumba cha nyuma ya altare, penye umeme wa dinamo ya mtoni. Vuguvugu! Kama mgongo wa paka. Hata leso haikunyooka.

Jioni kwenye kisomo cha watu wazima nikamwuliza Mwalimu Justin. Huyu ni kijana wa Bukoba, serikali imemtupa huku kwetu, kila siku analalamikia baridi. Akasoma kibati cha pasi: volti 220, ampea 4. Akasema volti ni msukumo, ampea ni kinachopita. Gawanya, unapata ukinzani, jinsi waya unavyozuia: omu 55. Zidisha, unapata nguvu: wati 880. Lakini dinamo yetu ni volti 110 tu. Basi 110 gawanya kwa 55, ampea 2. Mara 110, wati 220. Robo ya moto.

Nikamwambia asinichezee. Nusu ya volti ni nusu ya moto. Nusu debe la mahindi ni nusu ya ugali, labda huko kwao kwenye ndizi ndiko hesabu zinaoza. Akajibu taratibu kwamba msukumo umepungua nusu, na kinachopita nacho kimepungua nusu. Nusu ya nusu, Bibi.

Nyumbani nikapanga punje za mahindi mkekani. Robo. Sitamwambia.

Alhamisi, 9 Agosti
Nimepata akili nikiwa shambani, nainua tuta la ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani. Tuta likiwa refu maji yanakwama. Likate, yanapita. Na Mwalimu alisema mwenyewe: waya mrefu, ukinzani mkubwa.

Nikaifungua pasi kwa kisu cha marehemu mume wangu. Ndani mna utepe wa waya umezungushwa kama nyoka aliyejikunja. Nikaukata katikati, nikaufunga upya. Omu 27 na nusu. 110 gawanya hapo, ampea 4. Wati 440! Mara mbili ya juzi. Nani amesema sikusoma?

Nikamweleza Mwalimu. Akakuna kichwa. Akasema hesabu ni sahihi ila kisu hapana, yeye hakumtuma mtu kukata kitu. Tena dinamo inatoa ampea 5 tu, kanisa zima linakula chungu kimoja, ikizidi fyuzi inakatika. Nikamwuliza, nne na tano ipi kubwa? Akajifunika koti lake, akaondoka. Waoga hawa, ndiyo maana hawaoi.

Jumamosi, 11 Agosti
Nimeshinda!

Padre kampa kila mmoja kitambaa cheupe kipana. Kunigunda kapuliza mkaa wake mpaka macho mekundu, majivu puani. Mimi nimesimama kama mke wa Bwana Shauri wa Kizungu, nasukuma tu. Padre akapitisha kiganja kwenye kitambaa changu, akasema laini kama uso wa Ziwa Nyasa bila upepo. Cha altare nikabidhiwe mimi.

Kunigunda akakunja mdomo. Basi, Bibi Umeme, akasema, hicho cha altare kinyooshe kesho, wote tukuone. Au pasi yako ina haya mbele ya watu?

Haya? Pasi yangu? Nikawaambia wanawake wote wawahi alfajiri.

Jumapili, 12 Agosti
Ukungu hadi mlangoni. Kiza, kwa hiyo taa zote za kanisa zimewashwa. Wanawake wamejaa sakristia, Kunigunda mbele kabisa. Nikachomeka. Pasi ikashika moto vizuri. Nusu ya kitambaa ikawa kama karatasi. Nikamtazama Kunigunda. Hapo hapo, tap! Giza.

Kanisani kishindo. Askofu alikuwa akiingia, kagonga goti kwenye benchi. Watoto wakacheka, wakafinywa. Kunigunda akatoa kitambaa chake cha jana, kimekunjwa ndani ya kanga. Alikuja nacho! Kipaimara kikafanyika kwa mishumaa, juu ya kitambaa cha Kunigunda.

Baada ya Misa Mwalimu akaja. Shikamoo, Bibi. Marahaba, sema. Akasema taa ampea 2, pasi ampea 4, jumla 6. Nikamwambia kosa ni la taa. Mimi nilialika pasi, taa nani kazialika?

Jumatatu, 13 Agosti
Padre ametamka. Kitambaa cha altare ni cha Kunigunda, siku zote. Mimi nipumzike.

Nipumzike! Sikuumia. Ugali umenishinda kwa sababu ya baridi tu. Nimepita kanisani, nikaigusa altare, nikatoka.

Lakini keshokutwa ni Kupalizwa Bikira Maria, na kanzu za watumishi wa altare hazina mnyooshaji. Mwalimu ameniomba nikae mbali na ukuta ule wenye soketi. Hajui shida ilipo. Shida ni kwamba nilinyoosha polepole.

Leo nimeukata utepe tena. Omu 13 na robo tatu. 110 gawanya hapo, ampea 8. Moto mara mbili ya jana! Nitakuwa nimemaliza kanzu zote kabla fyuzi haijashtuka.