Kamati Ilivyopima Vipaji Ngulyati

Umma unatangaziwa kwamba zoezi la kubaini wanafunzi wenye vipaji katika shule za msingi limekamilika kwa mafanikio makubwa. Amepatikana mmoja. Yuko darasani hivi sasa, na inaombwa asisumbuliwe.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati. Yanayosemwa vijiweni Bariadi yapuuzeni, sikilizeni haya.

Katika zama hizi za mambo ruksa, wanunuzi binafsi wakigombea pamba yetu na kila Ndugu akiwa ameshageuka Mheshimiwa, tuliletewa waraka: "Pimeni vipaji vya wanafunzi. Mwenye kipaji kikubwa apelekwe Darasa Maalumu mjini." Darasa hilo lina vitabu, mwalimu wake, na nafasi moja tu. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Januarius, mtu makini asiyevua kofia hata kanisani, aliagiza kamusi iletwe. Kamusi ikatoa maana mbili za kipaji. Ya kwanza: sehemu ya uso iliyo juu ya nyusi. Ya pili hatukuisoma, kwa kuwa fungu tulilopewa lilitosha maana moja.

Tukaazima futi ya fundi cherehani, tukaenda Ngulyati.

Wazazi waliupokea mpango kwa moyo wa kizalendo. Nyembe ziliadimika madukani, na watoto wakaja wamenyolewa mbele mpaka karibu na utosi. Ikabidi Kamati itoe ufafanuzi kwamba kipaji halali ni cha kuzaliwa, cha wembe ni udanganyifu.

"Mwangaluka, baba," alinisalimia mama mmoja aitwaye Nyanjige. "Siku hizi mnanunua na vichwa?"

"Hatununui, mayu. Tunapima tu."

"Hata wa pamba huanza hivyohivyo," akasema, akamsukuma mbele binti yake Kabula, wa darasa la tatu.

Nywele za Kabula zimeshuka mpaka jirani na nyusi. Tulimpima mara mbili, tukimhurumia. Sentimita tatu.

Mwalimu wake, Milembe, akamfuata Mwenyekiti. "Mheshimiwa, mtoto huyu hesabu za darasa la sita kazimaliza zote. Sina tena cha kumfundisha. Nampa kazi ya kufuta ubao ili asisinzie. Akikosa nafasi hii, ataozea hapa."

"Sikatai, Mwalimu. Lakini sentimita tatu! Kanuni ni kanuni. Nafasi ni ya mwenye kipaji kikubwa kuliko wote waliopimwa, na uamuzi wa Kamati hauna rufaa."

Mwalimu Milembe akageuka pembeni, machozi yakimlenga. Hata mimi nilisikitika, kwa kiwango kinachoruhusiwa.

Kabula akanyoosha mkono. "Shikamoo, Mheshimiwa. Kipaji kinaishia wapi?"

"Marahaba. Kinaishia pale nywele zinapoanzia."

"Na nywele zisipoanza?"

Macho yote yakaenda kwenye kofia.

"Mpimeni na yeye!" akapaza sauti Nyanjige.

Mtu mwoga angekataa. Mheshimiwa alivua kofia kwa madaha, nami nikashika futi. Nilianzia kwenye nyusi, nikapanda, nikavuka utosi, nikateremka upande wa pili. Nywele za kwanza nilizikuta jirani na kola ya shati. Sentimita ishirini na tisa! Vigelegele vikapigwa mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia.

"Sasa mmeelewa kwa nini mimi ni Mwenyekiti," alisema. Akaniamuru niandike. Nikaandika, akatia saini, nikagonga muhuri.

Wino haujakauka, Mwalimu Milembe akapiga goti kwa heshima. "Hongera, Mheshimiwa. Unaondoka lini?"

"Kwenda wapi?"

"Darasa Maalumu. Wewe ndiye mwenye kipaji kikubwa kuliko wote waliopimwa."

Mheshimiwa akacheka. Alicheka peke yake. Kisha akanigeukia. "Katibu, andika rufaa!"

"Mheshimiwa," nikamkumbusha kwa unyenyekevu, "hakuna rufaa."

Ili ijulikane aanzie kitabu gani, Kabula aliombwa amwandikie hesabu moja ubaoni: Kamati ikipima watoto mia tatu isipate mwenye akili hata mmoja, ikipima mia sita itapata wangapi? Mheshimiwa alifikiri sana. Alihesabu vidole vyake, akaazima na vyangu. Mwishowe akaandika: wawili.

Ilikuwa dhahiri hawezi kwenda peke yake. Kwa busara zake, Kamati imempa Kabula awe msaidizi wake wa masomo. Wanakaa dawati moja mjini, vitabu vyote viko upande wa Kabula, na mwalimu wa Darasa Maalumu ameshaomba aongezewe vingine. Mama Nyanjige anatembea Ngulyati nzima akiisifu Kamati, jambo ambalo halijawahi kututokea.

Juzi nimepokea ripoti ya kwanza ya maendeleo ya Mheshimiwa. Imeandikwa na msaidizi wake, kwa mwandiko mzuri, mistari miwili: "Kipaji anacho. Akili bado tunaitafuta."